Mguu wa Soli Unasubiri Bunge

Kama hujawahi kuona wanaume wazima wakigombana na redio, ungepita kwetu Jumatatu ile saa nne asubuhi. Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba changu cha ushonaji, na hakuna jambo linalopita mtaani bila sisi kulitolea maoni. Alikuwepo Katiba, mwalimu mstaafu, anayetembea na gazeti la juzi kwapani. Alikuwepo Risiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, asiyeamini hata msiba wa jirani mpaka aone karatasi. Alikuwepo Dokta, ambaye hajawahi kumtibu hata kuku. Alikuwa bawabu wa hospitali miaka kumi na mmoja, na husema geti limeona wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote. Mama Buli alikuwa jikoni kwake, yaani kwenye jiko la mkaa pembeni yetu, akichemsha kahawa. Na mwisho wa benchi, juu ya kigoda chake, alikuwa Soli, fundi viatu, akigonga kisigino cha kiatu cha shule, mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa kisha ukavikwa mfuko wa plastiki. Mimi ndiye Uzi. Redio ilikuwa imetangaza punde tu kwamba muswada wa matibabu ya bure kwa wananchi wote umerudishwa kwenye kamati, kwa mara ya tatu.

Katiba: Wamerudisha tena! Mara ya tatu! Mtoto akirudia darasa mara tatu tunamwita mzazi wake. Hawa tumwite nani?

Risiti: Mimi nilisema tangu mwanzo. Cha bure ghali.

Katiba: Nani kakwambia ni bure? Ni kodi yako hiyo! Ukinunua sabuni, umelipa. Ukinunua chumvi, umelipa. Umeshalipia kitanda cha hospitali kabla hujaugua, halafu ukifika dirishani wanakutazama mikono kama umekuja kuomba.

Risiti: Nioneshe risiti.

Katiba: Risiti ya nini?

Risiti: Ya hicho kitanda nilichokilipia kwenye chumvi.

Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kuuma meno. Soli peke yake hakucheka. Aliinua kichwa, nyundo mkononi.

Soli: Tarehe wametaja?

Katiba: Hawakutaja, ndugu yangu.

Soli: Haya. Nitasubiri watakapotaja.

Akarudi kwenye kisigino chake. Mama Buli akakibamiza kifuniko cha buli mpaka jiko likayumba.

Mama Buli: Atasubiri! Mmesikia? Atasubiri!

Dokta: Mama, usichome kahawa. Tulia nikueleze kwa nini wanachelewesha. Mimi nimekaa getini, nayajua. Mwaka ule walitangaza wiki ya macho bure. Mnakumbuka? Watu walikuja na macho mazima! Mtu anaona sarafu iliyoanguka mtaa wa pili, naye kapanga foleni. Nikamwuliza, mzee wangu, jicho lina nini? Akaniambia, bado halina kitu, ila huwezi kujua.

Mama Buli: Na wasioona kweli hawakuja?

Dokta: Walikuja.

Mama Buli: Wakatibiwa?

Dokta: Foleni ilikuwa ndefu.

Mama Buli: Basi usinisimulie wenye macho mazima! Kila siku nyinyi mnasimulia mwenye macho mazima.

Risiti: Lakini Dokta ana hoja. Fungua bomba lisilo na mita uone, watu wataosha hata mawe. Dawa zitaisha Jumanne, na Jumatano watu watazichoma hospitali moto.

Mimi: Kwani sasa hivi zipo? Mke wangu alikwenda na homa mwezi uliopita, wakampa karatasi. Karatasi, Risiti! Wewe ungefurahi sana. Kasimama na homa yake, kaambiwa nenda kanunue duka la nje. Na duka la nje ni la nani? La yuleyule aliyeandika karatasi!

Katiba: Kibaya chajitembeza.

Mimi: Hiyo inahusu nini hapa?

Katiba: Inahusu serikali. Fikiri.

Nilifikiri, sikuona. Ndivyo alivyo Katiba, methali kwake ni kama chumvi kwa mpishi aliyekasirika, anamwaga tu.

Risiti: Mimi sipingi watu kutibiwa. Napinga kulala. Mtu akishajua kitanda ni bure, uji ni bure, shuka ni bure, ataondoka? Ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa naye siku ya tatu apewe ufagio.

Mama Buli: Na wewe ulipolazwa na tumbo ulifagia?

Risiti: Mimi nililipa.

Mama Buli: Ulilipiwa na mkwe wako! Mtaa mzima unajua.

Risiti alikunywa kahawa yake kwa kelele ili tusiendelee na habari ya mkwe. Dokta akaona pengo, akalidandia.

Dokta: Sikilizeni, haya nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa, dereva wa mtu wa kamati. Kilichokwamisha muswada ni hesabu. Wanataka kila mwananchi apewe magonjwa mawili kwa mwaka. Ukimaliza mawili yako, la tatu ni juu yako.

Mimi: Mawili?

Dokta: Mawili. Malaria ni moja. Kikohozi ni nusu.

Risiti: Na asiyeugua je? Mimi siugui. Yangu naweza kumwuzia mtu?

Katiba: Huwezi! Ugonjwa ni haki ya msingi, haki haiuzwi.

Risiti: Haki gani hiyo ya kuugua?

Katiba: Soma.

Dokta: Na kadi zao mnazijua? Kadi itakuwa na akili. Itajua unaumwa kabla wewe hujajua. Unapigiwa simu asubuhi: bwana, Ijumaa utashikwa na tumbo, tafadhali usije, tumejaa.

Mimi: Mimi nadhani ni majeneza. Akina nani wanachonga majeneza mji huu? Jamaa zao hao wa kamati. Mtu akitibiwa bure, karakana zinafungwa. Hawawezi kupitisha sheria ya kuwanyima shemeji zao kazi!

Katiba: Sasa Uzi umenena! Na misumari ya majeneza inatoka wapi?

Wote tukamgeukia Risiti.

Risiti: Mimi nauza misumari. Sijui inakwenda kupigiliwa wapi.

Katiba: Unaona? Ndiyo maana anaupinga muswada! Kula na kipofu usimguse mkono!

Risiti: Kipofu nani tena hapa? Mwalimu mzima unatukana watu!

Alisimama, Katiba naye akasimama, gazeti limekunjwa tayari kwa kupigia. Nikaingia katikati na futi ya kupimia shingoni. Tulikuwa na hasira sote, hasira ya kweli, maana hakuna mtaani kwetu ambaye hajarudishwa kutoka dirisha lile na mtoto mgongoni au mama yake mkononi. Ila hasira yetu haikuwa na mlango wa kutokea, ikawa inazunguka palepale kwenye benchi na kutugonga wenyewe.

Upepo ukageuka, tukakaa. Ile harufu.

Dokta: Soli, gundi yako ya leo kali.

Soli: Ni gundi mpya.

Haikuwa gundi. Ilikuwa imepita wiki mbili tangu sote tukubaliane, bila kuambizana, kwamba ni gundi. Dokta alihama akaenda kukaa upande wa pili wa benchi, akasema anafuata kivuli.

Hapa lazima niseme jambo nisilolipenda. Soli alikanyaga msumari wa kiatu miezi mitatu iliyopita, chumbani kwake, alipoamka usiku kwenda kunywa maji. Siku zile alikuwa anakunywa maji mengi, kila akikaa kidogo anaomba tena. Kidonda kikawa hakifungi. Akatuuliza afanyeje. Na kijiwe chetu kina sheria yake: jambo likitushinda kwa maneno tunaliamua kwa vikombe. Anayekubali anafunika kikombe chake juu ya benchi, anayekataa anakiacha wazi, na uamuzi ukishapita haubishiwi. Tumeamua hivyo ugomvi wa ndoa mbili, mpaka wa choo, na jina la mjukuu wa Katiba. Basi tukaamua na hili: Soli aende hospitali sasa, au asubiri mwezi uanze, maana redio ilisema sheria ya matibabu ya bure itaanza tarehe mosi? Anayetaka asubiri, afunike.

Dokta alisema akiingia na kidonda cha mguu watamlaza, na akilazwa watauza mpaka cherehani yake ya viatu. Alifunika. Katiba alisema ni haki yake, akikimbilia kulipa leo anaidhoofisha haki, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akafunika. Risiti alisema vizuri, asubiri, tumpeleke siku ya kwanza tuone kama ni bure kweli au ni maneno, awe ushahidi wetu. Akafunika. Cha nne kilikuwa changu. Nilikuwa na suruali tatu za kumaliza kabla ya jioni na nilitaka mjadala uishe. Nilifunika.

Tarehe mosi ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Mama Buli hana kura, maana yeye ndiye mwenye vikombe.

Mama Buli: Soli, kaka yangu, nakuambia kwa mara ya mwisho. Ondoka hapo nikupeleke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Soli: Sasa dada, nimeshasubiri miezi mitatu. Nikienda leo, wakitangaza kesho?

Katiba: Maneno ya hekima hayo! Subira yavuta heri.

Mama Buli: Ivute mguu wako wewe!

Katiba: Mama, hili ni suala la kanuni. Tukienda mmojammoja na vijisenti vyetu, serikali itaona mambo yanakwenda. Lazima wahisi shinikizo.

Mama Buli: Nani anahisi shinikizo? Waziri? Waziri anaujua mguu wa Soli? Anayeuhisi ni huyu hapa! Usiku namsikia kupitia ukuta, nyinyi mko kwenu mmelala na kanuni zenu.

Dokta: Haraka haraka haina baraka. Mimi nimewaona walioingia mbio getini, wakatoka...

Mama Buli: Malizia! Wakatoka vipi? Na waliongoja nyumbani hukuwaona, kwa sababu hawakufika getini!

 Hakuna aliyewahi kumwambia Dokta hivyo. Nilimwona akifikiri, na sikupenda sura yake alipokuwa akifikiri.

Ndipo gari dogo la kukodi likasimama upande wa pili wa barabara. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, begi begani, mikono imechubuka kwa sabuni. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa binti mkubwa wa Soli, anayefanya kazi kwa dobi katika mji mwingine, safari ya usiku mzima. Mama yao alishafariki, wadogo zake wametawanyika, na Soli aliishi peke yake kwenye chumba kilichopakana na cha Mama Buli.

Binti: Shikamooni wazee wangu.

Sote: Marahaba, mama. Marahaba. Karibu.

Soli: Mwanangu! Mbona hukusema unakuja?

Binti: Shikamoo baba.

Hakungoja aitikiwe. Alipiga magoti kwenye vumbi, akafungua mfuko wa plastiki, kisha kitambaa. Sitasimulia nilichokiona. Vidole viwili havikuwa na rangi ya mtu. Risiti aligeuza uso ukutani. Binti hakugeuza uso. Alikirudisha kitambaa taratibu, akakifunga vizuri kuliko kilivyokuwa, akabaki palepale chini, mkono wake juu ya goti la baba yake.

Katiba: Pole sana, binti yangu. Tumesikitika mno. Ni hii serikali. Leo tu wamerudisha muswada...

Binti: Nimeusikia kwenye gari, mzee wangu. Nimepitia kituo cha afya kwanza, hapo kona. Mama Buli alinitumia picha juzi, nikamwonesha muuguzi. Amesema tusisimame kwake hata dakika moja. Twende hospitali kubwa leo hii, watamlaza, na vidole hivyo havitarudi. Anaomba Mungu iwe ni vidole tu.

Dokta: Si nilisema watamlaza?

Mama Buli: Dokta!

Dokta: Samahani.

Binti: Nikamwuliza muuguzi, kwani hapa kwenu kusafisha kidonda ni kiasi gani? Akanionesha ukuta wa chumba cha vidonda. Pameandikwa kwa rangi ya bluu: kupima sukari, kusafisha na kufunga kidonda, hakuna malipo. Anasema yameandikwa tangu kituo kifunguliwe. Bendeji huwa zinaisha, hilo amekiri, na kuna wiki mtu hurudishwa. Lakini sukari wangempima siku ileile. Huo muswada wa bungeni ni wa kulazwa na kupasuliwa. Siku ile alipokanyaga msumari, baba hakuuhitaji. Ameuhitaji leo.

Mapazia ya chumba cha vidonda cha kituo kile niliyashona mimi. Niliyapeleka mwenyewe na kuyatundika mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya stuli, uso wangu na ukuta ule havikutengana hata shubiri moja. Nilikuwa naangalia kama pindo limenyooka.

Risiti: Ukutani? Pameandikwa?

Binti: Pameandikwa, mzee wangu. Ni hatua mia mbili tu kutoka hapa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza?

Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda, tungepata cha kujibu, maana kujibu makelele ndiyo kazi tunayoiweza.

Katiba: Unajua, binti yangu, suala lenyewe lina historia yake. Ukiliangalia kwa upana...

Binti: Sitaki upana, mwalimu. Wewe ulinifundisha kusoma, nakuheshimu. Nauliza jambo moja tu. Nani alimwambia asubiri?

Katiba aliliangalia gazeti lake. Risiti alikuwa bado anaangalia ukuta. Dokta alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Mimi nilijua jibu, nililijua kwa majina yote manne, na nilianza kuiviringisha futi yangu.

Binti: Nauliza, wazee wangu. Nani alimwambia?

Soli: Hakuna mtu, mwanangu.

Alisema huku akiikusanya misumari yake na kuitia kwenye kopo, mmoja mmoja, asije mwingine akaikanyaga.

Soli: Niliamua mwenyewe. Unanijua mimi, mbishi. Hawa wazee walinisihi niende, nikakataa.

Soli, mbishi! Miaka tisa amekaa kwenye ncha ya benchi lile na hajashinda hoja hata moja, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi bila mmoja wetu kuidaka. Binti yake alimtazama, na nadhani hakumwamini. Akatutazama sisi. Mama Buli naye alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akatungoja. Alitupa nafasi. Kahawa ilichemka ikamwagikia mkaa, na hakuinama kuiokoa.

Halafu akaifuta mikono kwenye kanga, akamshika Soli kwapa la kulia, binti akashika la kushoto. Walimvusha barabara wakimbeba zaidi kuliko kumtembeza, mguu ule ukining'inia. Nilitaka kwenda kusaidia, lakini kwenda kusaidia kungekuwa kusema jambo, na nilikuwa sijalisema. Mlangoni mwa gari Soli aligeuka, akanyanyua mkono, akatuaga kwa adabu kama mtu anayekwenda kununua ngozi sokoni na atarudi kabla ya adhuhuri.

Tulikuwa wanne pale, watu tuliozoea kukatana maneno, ambao hakuna anayengoja mwenzake amalize. Asubuhi ile kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, mpaka gari likakata kona.